Nani Alimpiga?

Alifika dakika ishirini kabla ya wenzake, bado amevaa sare ya hoteli anakofua mashuka, simu ameishika kwa mikono miwili. Hakusalimu. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Fizi, mashariki mwa Kongo:

"Mwalimu, balisema mutoto yangu iko na risasi mu damu. Nani alimupiga?"

Mtoto mwenyewe, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mgongoni, amelala fofofo.

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Muuguzi alikuwa amepiga simu kutoa majibu ya kipimo cha damu. Mkalimani wa simu akalichukua neno "lead" na kulipa jina lake la Kiswahili, na kwa kweli hakukosea. Kamusi inasema risasi. Walimu wetu wa kemia walisema risasi. Ila mama aliyekimbia Fizi, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na moja, ukimwambia kwamba mwanawe ana risasi kwenye damu, ataona kitu kimoja tu.

Nikamketisha. Nikamweleza kwamba si ya bunduki, ni madini yaliyomo kwenye rangi ya kale ya nyumba, na mtoto ameyameza pamoja na vumbi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa nyuma, unampapasa mtoto kichwani, begani, kiunoni, kama unaotafuta tundu.

Nilidhani nimemjibu.

Imenichukua wiki sita kuona kwamba swali lake sikuligusa hata kidogo.

## Chupa mezani

Nafundisha Kiingereza kwa kujitolea, Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, upande wa magharibi wa Buffalo, jimbo la New York. Darasani wamo Wakongo, Wasomali, Warohingya, na mzee mmoja wa Burundi ambaye hajawahi kukosa hata siku moja ya theluji. Wote wanakuja wametoka kazini. Wengine wanasinzia.

Kitabu tulichopewa kilitaka tuanze na dukani, hali ya hewa, na jinsi ya kuagiza chakula mgahawani. Tukakiacha kidogokidogo, na sababu ilikuwa chupa. Dada mmoja alikuja akikohoa. Alikuwa amesafisha bafu kwa jiki, akaona haitoshi, akaongeza dawa ya kusafishia vioo iliyokuwa na amonia. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi inayounguza koo na mapafu. Jiki na siki nazo hutoa klorini. Maonyo yote mawili yalikuwa kwenye chupa, kwa maandishi madogo, kwa lugha aliyokuwa akija kujifunza kwangu.

Tangu siku hiyo wakawa wanaleta chupa zao.

Tulijifunza kwamba kwenye dawa za wadudu za Marekani kuna maneno matatu yanayopangwa kwa ukali: "Caution", "Warning", "Danger". Kwa Kiswahili ungeweza kuyaita yote hatari ukaondoka. Sisi tuliyapanga mezani kama watoto wanaopimwa kimo, kila chupa mahali pake. Baba mmoja aliona ile aliyokuwa akiiweka karibu na unga wa ugali imeangukia upande wa "Danger". Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alituambia ameihamishia nje, na aliisema habari hiyo kwa Kiingereza, sentensi nzima, ya kwanza niliyowahi kuisikia kwake.

Kulikuwa na somo la mkaa pia. Niliwasimulia dhoruba ya Desemba 2006 kule Seattle, umeme ulipokatika kwa siku kadhaa na familia za wageni zikaingiza majiko ya mkaa ndani ili kupata joto. Watu walikufa kwa gesi isiyo na rangi wala harufu, hata gazeti la Seattle Times likachapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa. Mzee wa Burundi akainua mkono. Kwao, alisema, wameota moto ndani maisha yote. Kisha akanyamaza, akafikiri, akajijibu mwenyewe: "Lakini nyumba ya kwetu inapumua. Hii ya hapa imezibwa kila mahali."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Niliyaandika ubaoni: "The house cannot breathe."

Siku hizo nilikuwa nikirudi nyumbani moyo mweupe. Nilimfikiria bibi yangu, Muheza, mkoani Tanga. Mwaka 1973 alikuwa kwenye kundi la Mtu ni Afya, kampeni ya afya ya redioni, wale waliokaa chini ya mwembe na redio moja na kitabu, wakasoma habari za malaria na kuhara, halafu wakainuka wakachimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki Tanzania nzima. Bibi alijifunzia herufi kwenye kisomo cha miaka hiyohiyo, na mpaka anafariki, neno "choo" aliliandika vizuri kuliko jina lake. Nilijiona naendeleza kazi yake, ng'ambo ya bahari.

## Madirisha ya Buffalo

Nyumba nyingi za upande wetu ni za mbao, za ghorofa mbili, zimejengwa kabla ya vita vya pili vya dunia. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kwa hiyo chini ya rangi nyeupe ya juzi kuna ya kijani, chini ya kijani kuna ya maziwa, na huko chini kabisa ndiko iliko sumu.

Mahali pabaya zaidi ni dirishani. Madirisha ya huku ni ya kupandisha na kushusha. Kila ukilipandisha, mbao mbili zinasuguana, rangi inasagika, vumbi linatua kwenye kizingiti. Mtoto anayejifunza kusimama anashika wapi? Anashika hapohapo, anachungulia nje, halafu anatia vidole mdomoni. Ukipata bahati mbaya ya kipande kizima, kina utamu kidogo. Na mwili wa mtoto unaidhania risasi kuwa kalsiamu, unaipokea, unaihifadhi kwenye mifupa, nyingine inafika kwenye ubongo unaojengeka.

Jimbo la New York linataka kila mtoto apimwe akiwa na mwaka mmoja na tena akiwa na miwili. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inahesabu kwamba kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu ni jambo la kufuatilia. Kabla ya 2021 ilikuwa 5, na zamani 10. Kiwango kisichodhuru hakijulikani.

Baada ya ile simu niliandaa somo kwa bidii kuliko lolote. Kwanza neno lenyewe, kwa sababu "lead" linaandikwa sawasawa na lile la kuongoza, na wanafunzi wangu walilijua la kuongoza. Kisha nikawaambia, bila kutaja jina, habari ya binti wa miaka miwili, mkimbizi kutoka Sudan, aliyefariki mwaka 2000 huko Manchester, New Hampshire, wiki chache tu baada ya familia yake kuingia nchini. Rangi ya nyumba ndiyo iliyomuua. CDC ikaja kupendekeza watoto wakimbizi wapimwe wakifika, na wapimwe tena miezi 3 hadi 6 baadaye, kwa sababu wengine hawafiki na sumu, wanaikuta hapa.

Ukumbi ulikuwa kimya.

Nikaandika sentensi ubaoni, tukazirudia kwa sauti. "Wash your hands." "Take off your shoes." "Wipe the window with a wet cloth." Tukazungumza chakula: mtoto mwenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hunyonya sumu hiyo kidogo zaidi. Hapo akina mama wakachangamka. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharage, mchicha, chungwa juu yake. Chakula chao wenyewe, chakula walichokuwa wakikionea haya mbele ya Wamarekani, kimegeuka dawa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo nusura nilipite. Wanja. Baadhi ya wanja unaouzwa madukani kwa wageni, ule wa unga mweusi, una risasi tele. Bibi yangu alinipaka wanja nikiwa na siku saba, na picha yake ninayo. Nilisita, halafu nikalisema, na dada mmoja Msomali akainamisha uso. Sikujua kama nimemsaidia au nimemvunjia heshima mama yake. Bado sijui.

## Kisu cha jikoni

Wiki mbili baadaye baba mmoja wa Uvira alinionyesha picha kwenye simu yake, anatabasamu. Alikuwa amefanya kazi nzito Jumapili nzima. Amebandua rangi yote ya madirisha mawili kwa kisu cha jikoni, kisha akapiga msasa mpaka mbao ikang'aa. Halafu akafagia.

Nilitazama ile picha, magoti yakalegea. Kwenye sakafu kulikuwa na weupe kama mahali palipochekechwa unga.

Nilikuwa nimemfundisha kwamba rangi inayobanduka ni hatari. Baba mwenye akili akiambiwa kitu ni hatari kwa wanawe, anakiondoa. Sikuwa nimemfundisha "Do not scrape", usikwangue. Sikuwa nimemfundisha "sand", si mchanga, ule mwingine wa msasa. Sikuwa nimemwambia kwamba ufagio mkavu unaliinua vumbi na kulitandaza chumba kizima.

Tulikwenda usiku uleule, mimi na mwalimu mwenzangu, tukapangusa kwa matambaa yenye maji na sabuni, maji tukamwaga chooni, matambaa tukatupa, tukarudia. Watoto walilala kwa jirani. Kipimo kilichofuata cha mdogo wao kilikuwa kimepanda.

Sentensi moja ya Kiingereza, sahihi kabisa kisarufi, ndiyo iliyofanya hivyo.

Akaniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko kama angefoka: "Sasa nifanye nini, mwalimu? Nisibandue. Nisifagie. Kuhama siwezi. Nifanye nini?"

Kwa siku kadhaa nilitaka kurudi kwenye kitabu, kwenye hali ya hewa na mgahawa. Ukikosea kumfundisha mtu kuagiza supu, anakunywa supu nyingine tu.

## Karatasi ya saba

Alhamisi moja mama wa Fizi alileta bahasha ya mkataba wake wa nyumba. Alitaka tumsomee barua ya umeme, lakini karatasi zilikuwa zimechanganyika, na ya saba ilinishika macho.

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1992, anayepangisha nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 lazima ampe mpangaji kijitabu kuhusu risasi, na aseme anachokijua kuhusu rangi ya nyumba hiyo, kabla mpangaji hajatia sahihi. Karatasi ya saba ilikuwa hiyo. Kulikuwa na visanduku. Kilichotiwa alama kilisema kwamba mwenye nyumba hana ujuzi wowote wa kuwapo kwa rangi ya risasi: "has no knowledge". Chini, kwa herufi kubwa zilizoinama, zile alizojifunzia kambini, lilikuwapo jina la mama. Amekiri kwamba amepokea kijitabu na ameelewa.

"Hiki kijitabu ulipewa?"

Hakukumbuka. Siku hiyo alitia sahihi karatasi nyingi, mtoto analia, funguo ziko mezani.

Nikamtafsiria kile kisanduku. Akaniomba nirudie. "Hajui? Nyumba yake mwenyewe, hajui?"

Sheria hiyo haimlazimishi kupima. Inamtaka aseme anachojua, na asiyepima hana la kusema.

Mama akaikunja karatasi taratibu, akairudisha. Nami nikageuka, nikautazama ubao. Zile sentensi zilikuwa bado pale, mtu aliziachia mshale: usifute. Wash. Take off. Wipe. Zote amri. Zote zinawaelekea wao. Kwa miezi nilikuwa nimewafundisha Kiingereza kizima ambamo mwenye nyumba hayumo hata kama neno.

Hapo ndipo sauti yake ilipokuja. Nani alimupiga?

Swali hilo nililichukua kuwa kosa la tafsiri, nikalisahihisha kama nisahihishavyo kosa. Kumbe alikuwa ameuliza jambo lililopaswa kuulizwa. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, Geneva, ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, kwa sababu ilikuwa ikiwaua mafundi rangi. Kutoka hapo hadi marufuku ya Marekani ni miaka 57. Kuna waliotengeneza, waliouza, waliopaka, na walioiacha ukutani wakakusanya kodi.

Hata lugha yetu inatusaidia kuwaficha. Tunasema rangi imebanduka, kioo kimevunjika, maji yamechafuka. Ile -ka mwishoni inamfuta mtu kabisa, kitendo kinajitenda. Sikuwahi kuiona hivyo mpaka nilipokuwa natafuta namna ya kumweleza mama kwa nini mwanawe anaumwa.

Nikakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, si mbali na kwetu Tanga. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu hiyohiyo ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipogundua mwanawe ameathirika, hakuishia kunawa mikono. Yeye na wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani, na Julai 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi iliyoendelea kupigwa vita kwenye rufaa miaka mingine. Walipiga hatua hiyo kwa kujua jina la anayedaiwa.

## Maswali

Tulianza upya. Tulifuta amri moja, ya viatu, tukaacha ya kunawa na ya kitambaa chenye maji, kwa sababu mtoto hawezi kungoja haki. Zilizobaki zikawa maswali.

"When was this house built?"

"Who is the owner?"

"Has the paint been tested?"

"Please put it in writing."

Sarufi ya swali la tatu iko nyuma kabisa ya kitabu cha tatu. Waliipata kwa jioni mbili. Mzee wa Burundi alipigana na "been" hadi saa tatu usiku, analitamka akiwa anavaa koti, analitamka ngazini.

Si wote waliofurahi. Mama mmoja mwenye watoto watano aliniambia waziwazi kwamba yeye hataliuliza swali lolote. Kodi yake imechelewa. Nikamwambia kwamba sheria ya New York inamkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji anayelalamika. Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, hiyo sheria itakuja kubeba magodoro yangu?" Sikumshawishi zaidi. Anajua mambo ya kufukuzwa kuliko mimi, na woga wake una hesabu ndani yake.

Jambo dogo la kuwaachia wakalimani: siku hizi sisemi risasi kwanza. Nasema kuna sumu kwenye rangi ya zamani, ni madini, yanaitwa hivi. Nalitaja neno mwisho, mama akiwa ameshaketi.

## Dirishani

Kipimo cha mtoto wa Fizi kilikuwa juu kiasi cha kutosha kuletewa afisa wa afya wa kaunti. Niliombwa niende kukalimani. Nilifika mapema nikamngoja afisa barazani, kwa sababu nilishajua kifaa chake kinavyofanana. Kinapima risasi ukutani kwa mionzi, bila kubandua chochote, na umbo lake ni la bastola. Kina kitako, kina kifyatulio, na kinaelekezwa.

Nikamwomba akiweke kwanza mezani, mama akione. Alielewa. Mama akakitazama, akamwambia mtoto kitu kwa Kibembe, akamhamisha kutoka mgongoni akampakata.

Afisa akakiegemeza kwenye fremu ya dirisha, akabana. Namba ikatokea. Akahamia kizingiti, namba kubwa zaidi. Aliandika kila moja, dirisha kwa dirisha, mpaka tukarudi mlangoni.

Nilikuwa nimefungua mdomo nitafsiri, mama akanishika mkono.

"Who painted?" akamuuliza.

Afisa akasema hajui, ni zamani sana.

"Who fix?"

"The owner," akasema afisa. Akaeleza kwamba mwenye nyumba ataandikiwa notisi na kupewa muda.

"When?"

Afisa akataja tarehe. Mama akachukua daftari lake la darasani kutoka juu ya friji, akalifungua kwenye ukurasa wenye amri zangu za mwanzo, akampa kalamu.

"Please," akasema. "Put it in writing."

Akaandika, chini ya "Wipe the window". Mama akalipokea daftari, akasoma tarehe kwa sauti, mwezi kwanza kama wafanyavyo huku, halafu akanigeukia.

"Mwalimu, hii inaangukia siku gani?"

Nikahesabu kwa vidole. Jumatatu.